Kitenzi Kimenikaa Kooni

Sina ugomvi na Wajapani. Mshahara wanalipa kwa wakati, treni zao hazina longolongo, na choo cha stesheni ni kisafi kuliko vyumba kadhaa nilivyowahi kupanga Temeke. Ugomvi wangu ni na kitenzi chao kimoja tu, kinaitwa kakeru. Kila nikidhani nimemalizana nacho, kinaingia kwa mlango mwingine kimebadili shati, na kinataka tuanze kujuana upya.

Kamusi ndogo ya mfukoni inasema kakeru ni kutundika. Haya, nimekubali. Koti linatundikwa. Picha ya marehemu babu inatundikwa. Ile karatasi ndefu yenye mchoro au maandishi, ambayo Wajapani huiweka kwenye kidaka cha chumba cha wageni, inaitwa kakejiku kwa sababu nayo imetundikwa. Mpaka hapo hakuna mwenye lawama. Balaa linaanza pale mtu mzima, na hajanywa chochote, anapokwambia kwa Kijapani fasaha kwamba ametundika miwani, ametundika ufunguo, ametundika simu kwa mama yake, ametundika pasi kwenye shati, kisha ametundika mchuzi juu ya wali. Ukimtazama usoni unaona hatanii. Amevaa miwani, amefunga mlango, amempigia mama simu, amenyoosha shati na amemimina mchuzi. Kazi tano, kitenzi kimoja, na yote hayo kabla ya saa mbili asubuhi.

Nikaenda kwenye kamusi kubwa. Kuna moja inaitwa Kōjien, ilitoka mara ya kwanza mwaka 1955, na toleo lake la saba la mwaka 2018 lina maneno yapata 250,000. Ni tofali. Ukiliangusha mguuni unapewa likizo ya ugonjwa. Nikatafuta kakeru nikitegemea kwamba wazee waliokaa miaka na miaka kuchambua lugha yao watakuwa wamekibana kitenzi hiki ukutani na kukisomea mashitaka. Wapi! Wamekipa namba. Maana ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu ndani ya maana kuna vijimaana, na kila kijimaana kimekuja na shahidi wake kutoka maandishi ya kale. Nilifunga kamusi nikiwa sijui kitu, ila mikono imepata mazoezi.

Ingekuwa ni suala la vitabu tu ningevumilia. Lakini mimi kitenzi hiki ninakutana nacho kazini, na kazini ndiko kunakoniuma.

Nafanya kazi kwenye yadi ya magari yaliyotumika, pembezoni mwa Yokohama. Hapo magari husafishwa na kukaguliwa kabla ya kupakiwa melini kuja Dar es Salaam na Mombasa. Wewe unayesoma safu hii ukiwa kwenye foleni ya Ubungo, ndani ya gari ambalo kila ukiliwasha dada mpole anakwambia "ETC kādo ga sōnyū sarete imasen", huenda kiti ulichokalia nimekifuta mimi. Na kwa kuwa umekuwa ukimsikiliza dada huyo miaka yote bila kumwelewa, ngoja nikutoe wasiwasi: hakutukani, wala hasemi mkanda hujafunga. Anasema kadi ya kulipia barabara haijachomekwa, na kadi yenyewe ni ya barabara za kulipia za Japani. Usihangaike kuitafuta.

Msimamizi wetu ni mzee wa maneno machache, na katika hayo machache, nusu ni kakeru. Enjin o kakete, yaani washa injini. Sōjiki o kakete, pitisha mashine ya kufyonza vumbi. Wakkusu o kakete, paka nta. Kabā o kakete, funika turubai. Kagi o kakete, funga milango. Hapo angalau amekutajia kitu, unajua ushike nini. Siku akiamka vibaya hataji kitu chochote. Anaelekeza kidevu upande wa gari, anasema "Kakete oite", anaondoka na kikombe chake cha kahawa. Mimi hapo nabaki nimesimama katikati ya yadi. Niwashe? Nifyonze? Nipake? Nifunike? Nifunge? Mshahara wenyewe ni wa mtu mmoja.

Halafu kitenzi hiki kina ndugu yake, kakaru. Tofauti yao ni ile ya kuwasha na kuwaka: kakeru kuna mtu anafanya, kakaru kitu kinajifanyikia chenyewe. Ukiwasha injini, umekakeru. Ikiwaka, imekakaru. Ikigoma, msimamizi anasema "Kakaranai" na kunitazama mimi, ingawa sarufi yao wenyewe imeshanitoa hatiani: kitenzi hakina mtendaji!

Jioni huwa naenda darasa la lugha. Ni darasa la kujitolea kwenye ukumbi wa mtaa, mahali pale wanapoita kōminkan, na mwalimu wetu ni bibi mstaafu mwenye subira isiyo ya kawaida. Tunamwita Sensei, kama wote wanavyowaita walimu wao, na hatukai kabla hajakaa. Siku moja nikamfikishia malalamiko yangu rasmi. "Sensei," nikasema, "kakeru maana yake ni nini?"

Akacheka kwa kufunika mdomo. Akasema swali langu halina adabu kwa kitenzi. Kakeru haulizwi maana yake. Anaulizwa ameandamana na nani. Akiandamana na miwani ana tabia moja, akiandamana na simu ana nyingine. Kisha akaandika ubaoni: kuna kitu, na kuna anayekipokea. Kitu kinawekwa juu ya mpokeaji, kinamshika, kinabaki pale kikifanya kazi yake. Mchuzi unaushika wali. Pasi inalishika shati. Simu inamshika uliyemtafuta, popote alipo. Bima unaiweka juu ya nyumba, hoken o kakeru, nayo inaishikilia nyumba hata ukilala. Hata uchawi ni hivyohivyo, mahō o kakeru: mchawi anauweka juu ya mtu, mtu anashikwa.

Nikamwambia, "Sensei, kwetu kumwekea mtu kitu kikamshika bila yeye kuomba tunakuita kubambikia." Akaniomba nimwandikie neno hilo. Nilimwandikia kwa moyo mkunjufu, na tangu hapo nimeelewa kwa nini nchi nzima inaogopa meiwaku.

Meiwaku ni usumbufu, kero, mzigo unaoangukia wengine kwa sababu yako. Na kwa Kijapani usumbufu nao unakakeru: meiwaku o kakeru, kuwabambikia watu kero. Mtoto akianza kutembea tu, anaambiwa asibambikie watu kero. Ndiyo maana ndani ya treni kunatangazwa uzime mlio wa simu na usizungumze nayo. Yaani denwa o kakeru, kupiga simu, ukiifanya ndani ya treni inageuka kuwa meiwaku o kakeru. Kitenzi kilekile kimekuruhusu mlangoni na kukufukuza kitini. Treni ikichelewa, sauti inaomba radhi kwa kutubambikia kero. Na si kuchelewa peke yake. Tarehe 14 Novemba 2017, kwenye stesheni ya Minami-Nagareyama mkoani Chiba, treni ya Tsukuba Express iliondoka sekunde 20 kabla ya muda. Sekunde 20! Kampuni ikatoa taarifa ya kuomba radhi, na dunia nzima ikaisoma kwa mshangao. Mimi nilifikiria daladala za kwetu. Konda akiambiwa gari lake limeondoka sekunde 20 kabla ya muda, swali lake la kwanza litakuwa: muda gani?

Lakini kuna kakeru moja ambayo mimi, mtoto wa pwani, imenikata maini. Ni koe o kakeru, kuwekea mtu sauti, yaani kumsemesha. Kwetu usipomsemesha mtoto wa jirani unaonekana una kiburi, na mtoto asipokuamkia utamfikisha kwa mama yake. Huku polisi wa mikoa huwatumia wazazi ujumbe wa tahadhari simuni, na mojawapo ya mambo yanayotangazwa ni mtu asiyejulikana kumsemesha mtoto njiani. Nawaelewa, dunia imeharibika. Ila mimi sasa nikipishana na watoto wa shule na mikoba yao mgongoni, nimebana midomo, nimetazama mbele, moyoni nawasalimia mmoja mmoja. Bibi yangu angeniona hivyo angesema nimerogwa. Na kwa Kijapani, kama nilivyosema, kurogwa nako ni kitenzi hichohicho.

Tuingie jikoni, maana ukali wa kitenzi hiki hata tumbo linaujua. Kuna kitoweo cha unga wa samaki, ufuta na mwani, unachonyunyiza juu ya wali mweupe: furikake. Ndani ya jina hilo yumo, amekaa mwishoni kimya. Kuna supu ya tambi nene iitwayo kake udon. Nilipoliona jina lake kwenye menyu, na bei yake ikiwa ya chini kuliko zote, nikadhani nimebahatika. Ikaja bakuli ya tambi zilizomiminiwa mchuzi. Basi. Hakuna yai, hakuna nyama, hakuna hata kipande cha kukufariji. Jina limekwambia ukweli tangu mwanzo: tambi, zimemwagiwa mchuzi, kwaheri.

Na ukitaka kula umekaa, jiandae. Kukaa kitini nako ni kakeru. Mapokezi ya ofisi yoyote watakwambia "Okake kudasai", karibu ukae. Mwenzangu wa darasani, Mkongo wa Lubumbashi, aliposikia hivyo kwa mara ya kwanza alivua koti akaanza kuangaza kutani akitafuta msumari. Simlaumu, kamusi ndiyo iliyomtuma. Sasa sikiliza mambo ya kodi. Kodi ya mlaji Japani ilianza mwaka 1989 ikiwa asilimia 3, ikapanda ngazi kwa ngazi mpaka ikafika 10 mwezi Oktoba 2019. Kwenye chakula waliona huruma kidogo: ukinunua ukaondoka nacho, asilimia 8. Ukikalia kiti cha dukani ukala hapohapo, 10. Na kodi, kwa lugha yao, huwa inakakaru. Kwa hiyo mimi nikikakeru makalio yangu, kodi nayo inakakaru juu yangu asilimia 2 zaidi. Siku hizi nakula andazi langu nimesimama nje, kwenye baridi, nikiwa nimemshinda waziri wa fedha.

Ukifika kuoga pia yupo. Kwenye mabafu ya umma, kabla ya kuingia kwenye lile beseni kubwa la maji ya moto, sharti ujimiminie maji mwilini kwanza. Kumiminia huko kunaitwa kakeyu. Ukilala, shuka zito la kujifunikia ni kakebuton. Saa ya kukuamsha unaikakeru. Ukiamka ukatoka nyumbani, kutoka kwenyewe ni dekakeru. Niambie, mtu atakimbilia wapi?

Mke wangu yeye alidhani atakikwepa sokoni. Ni Mtanga, biashara ameinyonya ziwani, na haamini kwamba bei iliyobandikwa kwenye bidhaa ndiyo bei. Alipofika huku akajaribu kuomba kupunguziwa shuka kwenye duka moja la mjini. Muuzaji aliinamisha kichwa mara nyingi, akatabasamu, bei ikabaki palepale. Nikamletea historia. Kumbe zamani Japani nako walikuwa wanapatana bei, na ile bei ya juu anayoanzia muuzaji ili ushuke naye ilikuwa na jina: kakene, bei iliyowekewa nyongeza. Ndiyo, kakeru. Kuuza kwa mkopo na kungoja mteja alipe mwisho wa msimu nako kuliitwa kake. Mwaka 1673 Mitsui Takatoshi akafungua duka la vitambaa mjini Edo, ambayo leo ni Tokyo, likiitwa Echigoya. Huyo ndiye aliyekuja kupata jina kubwa kwa utaratibu mwingine: fedha taslimu, hakuna kakene. Bei ni moja kwa mkubwa na mdogo. Duka likanenepa, na kizazi chake baadaye kikawa duka kubwa la Mitsukoshi.

Mke wangu alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Baba watoto, yaani huyo mtu ndiye aliyeniharibia soko?" Nikamwambia ndiye. Akasema angekutana naye sokoni Mgandini, kwao Tanga, wangeelewana.

Mimi sikumalizia hadithi, kwa sababu kitenzi hiki kina ugonjwa mwingine, wa kuishia njiani. Ukikibandika mkiani mwa kitenzi kingine, kinamaanisha jambo limeanza halijaisha. Tabekake ni chakula kilicholiwa nusu. Yomikake ni kitabu kilichosomwa nusu. Shinikakeru ni kukaribia kufa, nayo shukuru Mungu imeishia nusu. Iikakeru ni kuanza kusema ukaacha, na hiyo ndiyo taaluma ya msimamizi wangu. "Lile gari jeupe, kidogo..." anasema, anavuta pumzi kwa meno, anaondoka. Kidogo nini? Lina kutu? Limeuzwa? Limeua mtu? Kila Mjapani pale yadini ameshaelewa na kuanza kazi. Mimi ndiye ninayebaki na nusu ya sentensi mkononi.

Nilidhani maandishi yatanisaidia, kwa sababu maandishi ya Kichina wanayotumia huonyesha maana. Ndipo nilipojua kwamba nilikuwa bado sijaona kitu. Kutundika koti kuna herufi yake. Kuhatarisha maisha, inochi o kakeru, kuna herufi nyingine yenye mikwaruzo 20. Ukimaliza kuiandika, maisha yenyewe yamesogea. Kujenga daraja kuna yake. Hapo ndipo nilipokitendea haki kitenzi, maana daraja la Akashi Kaikyō, lililofunguliwa mwaka 1998 kati ya Kobe na kisiwa cha Awaji, kutoka mnara hadi mnara ni mita 1,991, na kweli limening'inia juu ya bahari kwa nyaya. Mara moja tu, kwa mita 1,991, kakeru alisema ukweli.

Baada ya hapo akarudia tabia zake. Kucheza kamari ni kakeru, kwa herufi yake. Kukimbia mbio ni kakeru nyingine, ya herufi tofauti ila sauti ileile. Kwa hiyo kwenye mbio za farasi, farasi anakakeru kiwanjani, na wewe unakakeru kwenye dirisha la tiketi, na aliyechoka zaidi jioni ni mfuko wako. Kikombe kikimeguka ukingoni, kakeru. Mwezi ukipungua angani, kakeru. Kuweza kuandika, kakeru. Ndiyo kusema nikitaka kujisifu kwamba naweza kuandika neno kakeru, nasema "Kakeru ga kakeru", na msikilizaji anaanza kunihurumia. Kama haitoshi, wapo wavulana wanaoitwa Kakeru. Wazazi wao waliwaza mbawa na kupaa. Mimi nikisikia mama anamwita mwanawe Kakeru uwanjani, nageuka kuangalia kama nimeacha mlango wazi.

Jioni moja nikiwa nalalama hivi hivi nyumbani, mke wangu alikuwa anapanga nguo. Hakuinua kichwa. Akasema, "Hebu nitajie, airon o kakeru ni nini?"

"Kupiga pasi," nikasema.

"Denwa o kakeru?"

"Kupiga simu."

"Kile cha kupitisha kitambaa sakafuni?"

"Zōkin o kakeru. Kupiga deki." Nikaanza kuhisi ninakoelekezwa.

"Fundi seremala na ile randa yake?"

Sikutaka kujibu, lakini nilijua. Kanna o kakeru, kupiga randa. Brashi kwenye koti, burashi o kakeru, kupiga brashi. Muziki, ongaku o kakeru, kupiga muziki. Mama huyu alikuwa ameandaa kesi muda mrefu, na alinisubiri nijichimbie kaburi mwenyewe.

"Sasa Mswahili anayepiga pasi bila ngumi," akasema, "anayepiga picha, anayepiga kura, anayepiga hatua, anayepiga magoti, anayepiga mbizi, anayepiga msasa, amepata wapi mdomo wa kumsema Mjapani?"

Nikajitetea, na utetezi wangu ulikuwa mzito. Nikamwambia piga ni kitenzi chenye heshima zake: kina mshindo. Ukikisikia unajua kuna kitu kimetokea kwa nguvu au kwa mara moja. Simu inalia, ngoma inalia, magoti yanagonga chini, mbizi inarusha maji, randa inakwaruza. Hata kura zamani ilitumbukia sandukuni ikasikika. Kakeru hana sauti. Anakuwekea kitu mgongoni kimyakimya na unakuja kugundua mwisho wa mwezi. Piga ni mgeni anayebisha hodi. Kakeru unamkuta tayari yuko sebuleni.

Akakunja shati la mwisho. "Na kupiga kimya," akauliza, "mshindo wake uko wapi?"

Nikapiga kimya.

Wiki iliyofuata nilimwambia Sensei kwamba nyumbani nimesalitiwa. Alifurahi mno. Akasema kuna kakeru moja aliyokuwa akiniwekea akiba, ya mchezo wa maneno unaoitwa nazokake. Mchezaji anataja vitu viwili visivyohusiana: cha kwanza anakikakeru, cha pili anakitoku, yaani anakifungua. Halafu wenzake wanauliza "Sono kokoro wa?", na moyo wake? Jibu ni mahali ambapo vitu hivyo viwili vinakutana kwa sauti. Mfano wa kale ni gazeti na mtawa wa Kibudha. Moyo wake: kesa kite, kyō yomu. Ukisikia kwa gazeti, limefika asubuhi hii, linasomwa leo. Ukisikia kwa mtawa, amevaa joho lake, anasoma misahafu. Mwaka 2010 mchekeshaji Nezucchi aliurudisha mchezo huu kwenye midomo ya watu wote kwa namna yake ya kusema "Totonoimashita", nimeshakamilisha, kabla ya kutoa chake.

Hapo nilikaa wima. Kufunga na kufungua! Si ndiyo sisi tunaotega kitendawili na kukitegua? Na kutega mtego kwa Kijapani ni nini? Wana o kakeru. Wazee wa Edo na wazee wa Pangani, bila kuandikiana barua, wote waliona kwamba kumwuliza mwenzako fumbo ni kumwekea mtego njiani, na kujibu ni kuutegua. Nilijisikia vibaya, kwa sababu kwa dakika nzima nilikuwa nakipenda kitenzi nilichokuja kukishitaki.

Ili nisionekane nimelainika, nikaomba nami nitoe changu, kwa Kiswahili.

"Totonoimashita," nikasema. "Natega kwa maana za kakeru, nategua kwa dawa ya mwarobaini."

Darasa zima, pamoja na yule wa Lubumbashi aliyeshaanza kutabasamu: "Sono kokoro wa?"

"Zote chungu!"

Mkongo akapiga meza. Wengine wakamtazama Sensei, naye Sensei akafungua daftari lake na kuinua kalamu. Chungu ni nini? Nikamwambia chungu ni ladha ya mwarobaini, ile inayokunja uso. Akaandika. Lakini pia chungu nzima ni vitu vingi mno, ndivyo zilivyo maana za kakeru. Akaandika. Na kwa kuwa alikuwa anaandika vizuri sikutaka kumficha kitu: chungu vilevile ni chombo cha udongo cha kupikia. Na chungu tena ni wale wadudu wadogo wanaovamia sukari.

Kalamu ikasimama. Sensei alivua miwani, akaifuta, akaikakeru upya puani, akayasoma tena aliyoyaandika kutoka juu mpaka chini.

"Neno moja?" akauliza.

"Moja, Sensei."

"Sasa maana yake hasa ni ipi?"

Nimesubiri swali hilo tangu nilipoingia nchi hii. Nikasimama, nikainama kwa adabu zote walizonifundisha, nikamwambia, "Sensei, neno haliulizwi maana yake. Linaulizwa limeandamana na nani."